Nyuma Wanakaa Watatu Kweli? Sienta, Noah na CX-5

HALIMA: Karibuni tena. Mimi ni Halima, na mwenzangu Otieno leo amekuja studio na futi ya fundi mfukoni.

OTIENO: Usinicheke. Msikilizaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ametuletea swali: anunue gari gani ambalo nyuma wanakaa watatu kweli? Picha za mtandaoni hazitamjibu. Nyumbani wako watano: yeye na mkewe, binti wa miaka tisa, mdogo ambaye bado yuko kwenye kiti cha mtoto, na mama mkwe. Sasa yuko kati ya Toyota Sienta, Toyota Noah na Mazda CX-5.

HALIMA: Mama mkwe ndiye swali lenyewe. Hao wengine watajipanga tu.

OTIENO: Msikilizaji wetu ameshaegemea CX-5. Anasema ni gari kubwa.

HALIMA: Kubwa ukiitazama ukiwa nje. Hebu tuanze na upana, kwa sababu mabega ndiyo yanayogombana. Sienta ile iliyotoka 2015 ina upana wa milimita 1,695. Noah iliyotoka 2014, zile za kawaida, 1,695. Toyota Fielder, 1,695.

OTIENO: Ngoja, Noah na Fielder ni sawa?

HALIMA: Sawasawa, kwa nje. Na si bahati. Japani gari likizidi mita 1.70 kwa upana, au mita 4.70 kwa urefu, au injini ipite cc 2,000, linatoka daraja la magari madogo. Kwa hiyo miaka mingi watengenezaji walikuwa wanabana upana usivuke hapo, halafu nafasi wanaitafuta juu na kwa urefu. Sisi tunayapokea Mombasa hivyo hivyo yalivyo.

OTIENO: Kumbe ndiyo maana kwenye Noah unaweza karibu kusimama, lakini watu wazima watatu kwenye safu moja bado wanakaa kiubavu.

HALIMA: Ndiyo hiyo. CX-5 ina milimita 1,840, kwa hiyo hapo imezishinda zote. Lakini weka humo kiti cha mtoto upande mmoja, binti katikati, mama mkwe upande wa pili. Kile kiti cha mtoto hakibonyei, bega lake ni plastiki. Binti anasukumwa kwa nyanyake. Na anayekaa katikati ana nundu la sakafu kati ya miguu, anapanua magoti, moja kwa nyanya, moja kwa mdogo wake.

OTIENO: Lile nundu lipo kwa sababu chini yake kuna bomba la moshi, na kwa gari linalovuta magurudumu yote manne kuna chuma cha kupeleka nguvu nyuma. Subaru Forester, ambayo naipenda na sitaomba radhi, ina nundu la kutosha.

HALIMA: Nilijua utaifikisha Forester.

OTIENO: Lakini tuwe waaminifu, CX-5 ina kiti kizuri. Ile ya kuanzia 2017 ina tundu za hewa huko nyuma, na kiegemeo unaweza kukilaza kidogo. Safari ya Kisumu, watu wawili nyuma, hakuna atakayelalamika.

HALIMA: Wawili, naam. Familia hii ni watatu huko nyuma.

OTIENO: Haya, Sienta basi. Watu wanaidharau kwa sababu ya sura.

HALIMA: Sura waachie wapita njia. Sakafu yake, kama si ya magurudumu yote manne, iko sentimita 33 tu kutoka chini, na mlango unasukumwa kando. Mama mwenye magoti mabaya anaingiza mguu mmoja, anakaa, anavuta wa pili. Kwenye CX-5 anapanda, na kushuka ndiko kugumu zaidi, anatafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Na mnajua maegesho ya ploti za Umoja: mlango wa kufunguka nje unagonga gari la jirani kabla nyanya hajapitisha nyonga.

OTIENO: Hilo nakubali. Lakini safu ya tatu ya Sienta si ya mtu mzima. Ile safu inakunjwa na kuingia chini ya viti vya katikati. Kiti cha kukunjika hivyo lazima kiwe chembamba, na ukikikalia magoti yanapanda juu kuliko kiuno. Uzito wote unaishia makalioni. Ukifika Naivasha unajua.

HALIMA: Mtu mzima, hapana. Binti wa miaka tisa, anakaa vizuri kabisa. Unainua kiti kimoja cha nyuma, cha pili unakiacha kimekunjwa, hapo ndipo mizigo inakaa.

OTIENO: Na binti anapitia wapi?

HALIMA: Kiti cha mtoto ukishakifunga hukikunji kila asubuhi. Kwa hiyo anapita upande wa nyanya, na nyanya lazima ashuke kwanza. Hapo Sienta inachosha.

OTIENO: Ndiyo maana nikaja na Noah. Ziko za viti nane, safu ya katikati ni benchi. Na ziko za viti saba, katikati ni viti viwili vilivyoachana. Kwenye hiyo ya saba binti anapita katikati kama anayeingia darasani, hakuna anayeamshwa. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850, Sienta ni 2,750.

HALIMA: Sentimita kumi hizo unazisikia magotini. Lakini safu ya tatu ya Noah hailali sakafuni, inakunjwa juu ubavuni na kuziba dirisha. Anayebeba viazi na mkungu wa ndizi kutoka ushago aijaribu kabla ya kulipa.

OTIENO: Kuna wanaouliza Toyota Wish.

HALIMA: Umbali wa magurudumu ni ule ule wa Sienta, paa limeshuka karibu sentimita tisa, milango ni ya kawaida. Na iliacha kutengenezwa 2017, na kwa kanuni yetu ya Kenya, gari kuukuu lisizidi miaka minane, huiagizi tena. Tuendelee.

OTIENO: Akienda yadi pale Ngong Road afanye nini?

HALIMA: Apange kiti cha dereva anavyoendesha yeye, halafu aende akae nyuma ya kiti hicho hicho. Muuzaji huwa amekisogeza mbele kabisa ili nyuma paonekane pana. Kisha aende na kile kiti cha mtoto, akifunge palepale. Na aende na mama mkwe.

OTIENO: Muuzaji atakasirika.

HALIMA: Akasirike. Jambo lingine, zile kava za plastiki tunazovisha viti siku ya kwanza: zinachoma jua likiwaka, na kama gari lina mifuko ya hewa ubavuni mwa kiti, kava isiyo na nafasi yake inaweza kuizuia isifunguke.

OTIENO: Uamuzi sasa. Mimi, Noah ya viti saba mfuko ukiruhusu. Ukikataa, CX-5.

HALIMA: Ukikataa, Sienta. Kwenye hiyo CX-5 yako binti atalia kila Jumapili.

OTIENO: Atazoea.

HALIMA: Kaa wewe hapo katikati mpaka Nakuru, kisha uje utuambie. Wiki ijayo tunaingia kwenye mafuta, nani anakunywa na nani anaonja.