Msaidie Mtoto Kutambua Maneno: Anza na Sikio

Karibu mtazamaji. Leo tunamfundisha mtoto kutambua neno lililoandikwa, lakini kitabu kiweke pembeni kwanza.

Mwambie apige kofi kwa kila silabi: ka-la-mu, makofi matatu. Akizoea, atoe silabi moja: "Sema kalamu bila ka." Atasema "lamu". Sasa mwambie aweke sa mahali pa ka. Salamu!

Kisha shukeni hadi sauti mojamoja. Muulize, "baba" na "babu" zinatofautiana wapi? Hapa usiharakishe hata kidogo. Mtoto asiyesikia tofauti ile ya mwishoni hawezi kuelewa kwa nini tumeandika a huku na u kule. Ataanza kukariri, na kukariri maneno yote hakuna anayeweza.

Sasa leta herufi. Tamka sauti yake, usitaje jina lake: mmm, kisha a, ma. Herufi zinazotoa sauti moja kwa pamoja, kama sh na ng', ziweke kwenye kadi moja.

Panga kadi zisomeke "pita". Badilisha herufi moja tu: piga. Tena: pika. Tena: paka. Kila mara akuonyeshe ni ipi iliyobadilika. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, maana linamlazimu mtoto kupitia neno zima badala ya kuona p akabahatisha. Mtafiti Linnea Ehri ameonyesha kwamba neno hukaa kichwani pale herufi zake zinapofungamana na sauti na maana yake. Kulitazama umbo lake tu hakutoshi.

Maneno marefu hulemea kumbukumbu. Akifika mwisho wa "ninakupenda", mwanzo umeshamtoka. Asisubiri mwisho ndipo aunganishe. Aunganishe njiani: ni, nina, ninaku, ninakupenda. Halafu andika chini yake "anakupenda" na "tunakupenda", upigie mstari "nakupenda". Ataona sehemu kubwa anaijua tayari. Kilichobadilika ni mwanzo tu.

Mwisho, mwonyeshe neno kwenye kadi isiyo na picha. Akilisoma papo hapo, nendeni kwa jingine. Akisita, tafadhali usimtajie. Weka kidole chini ya silabi ya kwanza, nyamaza, umpe nafasi alitamke mwenyewe. Likimshinda, lirudisheni kwenye makofi, kisha kwenye kadi, na kesho mwonyeshe tena.