Ngazi Ikiteleza Miguu: Namna ya Kuiegemeza Saiti

Habari zenu mafundi, na nyinyi vijana mnaoanza kazi. Leo hatupaki rangi, leo ni ngazi tu. Mwenzangu alianguka kutoka usawa wa linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, hata mita 3 hazifiki, na mpaka leo mkono wake wa kulia haunyooki. Ngazi haikuvunjika, iliteleza miguu.

Kwa hiyo tunaanzia chini. Tazama raba hizi za miguuni. Hii moja imelika, alumini inagusa sakafu. Usiipande mpaka ubadilishe raba. Ngazi ya mbao kagua kipandio kimoja kimoja, hasa pale msumari ulipoingia, ndipo ufa unapoanzia. Iliyopakwa rangi mimi siipandi, rangi inaficha nyufa.

Ardhi ikiwa na mwinamo, usiweke tofali chini ya mguu mmoja. Chimba upande ulioinuka.

Sasa mlalo. Kila mita 4 za kwenda juu, miguu iwe mita 1 kutoka ukutani. Huna futi ya kupimia? Fanya hivi: vidole vyako viguse miguu ya ngazi, simama wima, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipandio cha usawa wa bega, iko sawa. Ukilazimika kuinama, imelala mno, itateleza. Viwiko vikikunjika, imesimama mno, itakuangusha kinyumenyume.

Kabla ya kuinua ya alumini, tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Ukienda kwenye paa, ngazi ipite ukingo kwa mita 1, na uifunge kamba huku saidia fundi ameishikilia chini.

Panda uso ukielekea ngazi, mikono yote miwili ikishika. Ndoo ya rangi utaivuta kwa kamba. Ukiwa juu, kitovu kisitoke nje ya nguzo za pembeni. Najua kimebaki kipande kidogo tu pale na kushuka kunachosha. Shuka, sogeza ngazi.

Na mtu akianguka, tafadhali sana, msimnyanyue kumpakia bodaboda. Mwacheni alivyo, mmoja atulize kichwa na shingo yake, mwingine aite msaada. Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Siku hiyohiyo mwajiri aandikiwe taarifa, maana Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa anayeumia kazini. Mwenzangu hakuambiwa hilo na mtu yeyote, akauza pikipiki yake kulipia matibabu.