Jinsi ya kutumia magugu maji kupunguza metali nzito kwenye maji

Karibu. Leo kazi tunalikabidhi gugu maji, mmea uleule ambao wavuvi wanaulaani, litunyonyee metali nzito kama risasi, kadimiamu na shaba kwenye maji yaliyochafuliwa. Nitangulie kusema: hata tukimaliza, maji haya si ya kunywa.

Kwanza, peleka sampuli maabara. Metali hizi mara nyingi huzioni kwa macho; maji yanaweza kuwa maangavu na yana risasi tele. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kadimiamu 3. Usipopima mwanzo, baadaye utakuwa unabahatisha tu.

Sasa mimina maji kwenye beseni pana la plastiki, liweke juani, ulifunike kwa chandarua mbu wasizaliane. Lisiungane na mto wala mtaro! Gugu hili likipata upenyo huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi.

Chagua magugu machanga. Nanyanyua hili moja, tazama mizizi yake: imening'inia kama ndevu, nyeusi yenye zambarau, imejaa vinyweleo. Metali nyingi hunaswa hapa hapa. Kidogo tu hupanda hadi kwenye majani. Kwa hiyo suuza tope taratibu, usiikate. Yapange yafunike kama nusu ya uso wa maji. Maji yakiwa na asidi kali, mizizi huungua, basi pima pH, yaani kiwango cha asidi, kabla.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanayaacha humo. Metali haiozi wala haiyeyuki ikapotea, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye mmea. Jani likioza, inarudi ilikotoka. Ukiona majani ya pembeni yanageuka manjano, vaa glavu, ng'oa gugu zima na mizizi yake, weka jingine changa. Kisha peleka sampuli nyingine maabara, ulinganishe na ile ya kwanza.

Uliyoyang'oa usimpe ng'ombe, usifanye mboji, usichome moto. Yaanike juu ya turubai ili yasichuruzike kwenye udongo. Takribani asilimia 95 ya gugu ni maji, kwa hiyo lundo zima litaingia kwenye mfuko mdogo. Funga, ukabidhi kwa wanaoshughulikia taka hatarishi, na uandike juu yake kilichomo, maana atakayeufungua ataona majani makavu tu.