Upendeleo usio na mwenyewe

Mwenyekiti, walimu wangu, wazee mlioketi mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojibana kule mlangoni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie siasa, rangi na korona, na nizungumze kama mtu aliyeyapitia. Nitalitoa langu mapema, ili anayewahi basi aondoke nalo: upendeleo wa rangi hauhitaji mtu mwenye chuki. Unaweza kukaa ndani ya kanuni, ndani ya mkataba wa ununuzi, hata ndani ya mashine ndogo, na kila anayeishika akawa mtu mwema kabisa.

Chuki ya wazi ilikuwepo, tusidanganyane. Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walikaa kwenye televisheni wakajadiliana kama chanjo ya kifua kikuu ijaribiwe Afrika dhidi ya korona, ati huko hakuna barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliwajibu kwamba hayo ni mabaki ya fikra za kikoloni. Mwezi huohuo, mjini Guangzhou, China, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizokuwa wamelipia kodi, wengine wakalala barabarani. Tarehe 25 Mei, Minneapolis, Marekani, George Floyd, mtu mweusi, akafia chini ya goti la polisi. Hayo yote yalipigwa picha, na dunia ikapiga kelele. Mimi nataka yale ambayo hayana picha.

Mnakumbuka kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni? Wakati wa korona kilitoka hospitalini kikaingia majumbani. Mama yangu mdogo aliugua mwaka 2021, na tulikuwa tukimbana kidole asubuhi na jioni kama watu wanaosali. Kikaandika 95. Akaniangalia huku mabega yanapanda na kushuka: “Mwanangu, hiki kinasema mimi mzima. Mbona nahema?” Nikamwambia apumzike, namba ni nzuri. Alipona, namshukuru Mungu.

Sasa sikilizeni kinavyofanya kazi. Kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha kinakadiria oksijeni kutokana na mwanga uliomezwa na damu. Lakini rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema wako sawa, weusi waliokuwa kwa kweli wamepungukiwa oksijeni walikuwa karibu asilimia 12, weupe chini ya asilimia 4. Na namba ile ndiyo iliyokuwa ikiamua nani apewe kitanda na nani arudishwe nyumbani.

Nani alaumiwe? Nesi alisoma kilichoandikwa. Fundi alifuata kanuni. Nenda kwenye kanuni sasa: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na katika kundi hilo wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2, au asilimia 15 kundi likiwa kubwa. Wawili! Hakuna aliyetukana mtu. Kuna watu waliokaa kikao, wakaona wawili wanatosha. Kwangu mimi hiyo ni siasa kuliko mikutano yote ya hadhara niliyowahi kuhudhuria.

Chanjo nitaipitia haraka, maana mmeisikia sana. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lilegeze haki za hataza, yaani haki za mgunduzi kuwazuia wengine, ili nao watengeneze. Nchi tajiri zilivutana nao mpaka Juni 2022, na kilichopatikana hapo kilikuwa nusu shari. Mapema 2021 Afrika Kusini ilitajiwa dola 5.25 kwa dozi ya AstraZeneca, ilhali Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipa kama dola mbili na kitu. Sababu iliyotolewa ni kwamba Ulaya ilichangia utafiti. Mwenye nacho akauziwa rahisi, na kila kitu kikiwa na risiti yake.

Novemba 2021 ndiyo mwezi ulionikaa rohoni. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya kirusi cha korona, iliyokuja kuitwa Omicron, wakafanya lile ambalo dunia nzima ilikuwa inawahubiria watu wafanye: wakatangaza mara moja. Ndani ya siku chache Marekani ikawa imefungia wasafiri kutoka nchi 8 za kusini mwa Afrika, zikiwemo zile ambazo Omicron ilikuwa haijaonekana. Baadaye Uholanzi ilipima upya sampuli zake na kukuta kirusi hicho katika zile za tarehe 19 na 23 Novemba, kabla ya tangazo lenyewe. Uholanzi haikuingizwa kwenye orodha. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, hakumung’unya maneno. Aliuita huo ubaguzi wa safari, kwa neno lilelile la makaburu: “apartheid”.

Hapa najua kuna mtu anasema moyoni: mzungu, mzungu, na sisi je? Haki yake. Mimi ni mweusi, lakini wakati wa korona nilikuwa nafanya kazi nyumbani, mshahara unaingia, mlango nimeufunga. Aliyeniletea mboga hakuwa na mlango wa kufunga. Mjini Chicago, Aprili 2020, weusi walikuwa kama asilimia 30 ya wakazi lakini karibu asilimia 70 ya waliokufa, na wapo waliotafuta siri hiyo kwenye damu yao. Siri ilikuwa kwenye usukani wa basi, kwenye ufagio wa hospitali, na kwenye kukosa bima. Na huku kwetu, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, polisi waliwapiga kwa virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa wakisubiri kivuko pale Likoni, Mombasa, wawahi kufika makwao. Weusi kwa weusi. Wenye magari na ofisi za nyumbani hawakuwa kwenye ile foleni, mimi nisingekuwepo. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi siku chache baadaye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nifuatilie nini sasa, namwambia afuatilie vikao. Tarehe 20 Mei 2025, Geneva, mataifa yalipitisha Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko. Unataka asilimia 20 ya chanjo na dawa za watengenezaji watakaojiunga na mpango huo zipitie Shirika la Afya Duniani janga likitokea, angalau nusu yake bure. Marekani haikuwemo. Na kiambatisho kimoja kikaachwa kijadiliwe baadaye: kile kinachosema nchi ikitoa taarifa na sampuli za kirusi kama Botswana na Afrika Kusini walivyofanya, itapata nini.

Mwenyekiti, naona mkono wa yule bibi pale mbele umekuwa juu muda mrefu. Tumsikilize.