Mashine ya Kufulia Itakayodumu: Anza na Bomba Lako Kabla ya Kwenda Dukani

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunachagua mashine ya kufulia, na tunaichagua kwa ajili ya nyumba za huku kwetu Uganda, uwe Kampala, Jinja, Arua au Mbarara. Ukifika dukani utaonyeshwa taa zinazowaka na kutajiwa programu kumi na nne. Hayo tuyaweke pembeni kwanza. Kazi yangu ni ufundi, na mashine nyingi ninazoitwa kuzitengeneza zilitoka kiwandani zikiwa nzima kabisa. Zimeharibiwa na umeme unaopanda na kushuka, maji yasiyo na nguvu, na sabuni isiyozifaa. Kwa hiyo hatua mbili za mwanzo tutazifanya nyumbani, kabla hujapanda teksi kwenda mjini.

Hatua ya kwanza: pima maji yako.

Chukua dumu la lita 20, haya ya njano tunayotekea maji kila siku. Liweke chini ya bomba ambalo mashine itaungwa, fungua bomba mpaka mwisho, kisha tazama saa. Hapa kwangu, mnaona, linajaa taratibu lakini halikatiki. Likijaa ndani ya dakika mbili au tatu, mashine yoyote itakufaa. Likizidi dakika tano, mashine ya kujiendesha yenyewe itakusumbua: itasubiri maji, itachoka kusubiri, itasimama na kukuandikia IE ikiwa ni LG, au 4C ikiwa ni Samsung. Watu wakiona maandishi hayo wanadhani mashine imekufa, kumbe inalalamikia bomba. Pima asubuhi, halafu upime tena jioni. Wanaokaa juu ya vilima vya Kampala wanajua kwamba maji ya usiku na maji ya mchana si ndugu.

Kama unatumia tangi, pima urefu kutoka mashine itakapokaa hadi kwenye kitako cha tangi. Kila mita moja inakupa presha ya takriban kPa 10 (kilopaskali, kipimo cha presha). Sasa fungua kijitabu cha mashine unayoitaka, nenda kwenye ukurasa wa vipimo, utafute presha ya chini kabisa. Nyingi huandika kPa 50, nyingine 100. Ukikuta 50, tangi linatakiwa liwe mita tano juu ya mashine. Tangi lililokalia matofali mawili nyuma ya jiko halitaisukuma. Utainua tangi, au utanunua pampu ndogo ya kuongeza nguvu, au utachagua mashine ya aina nyingine, na hiyo tutaifikia sasa hivi.

Hatua ya pili: umeme.

Ukifika dukani, geuza mashine nyuma utafute kibandiko kama hiki, nakisogeza karibu na kamera. Kinatakiwa kisomeke 220–240V, 50Hz. Kikisomeka 120V, 60Hz, mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Kikisema 100V, ni ya Japani. Muuzaji atakuambia utaweka tu transfoma. Mjibu, "Webale ssebo," yaani asante bwana, uendelee na safari yako. Transfoma hubadilisha volti, lakini hezi, ile Hz ya kwenye kibandiko, haizigusi, na mota ya kawaida itakuwa inazunguka kwa kasi isiyo yake maisha yake yote.

Soketi iwe na waya wa athi unaofanya kazi kweli. Mlete fundi umeme aipime, maana soketi ya matundu matatu ukutani haikuhakikishii kwamba huo waya wa tatu umeunganishwa na ardhi. Mwili wa mashine ni wa chuma, maji yako ndani na watoto wanapita miguu mitupu. Hapo hatubahatishi. Waya wa kuongezea, ule wa kuvuta kutoka chumba kingine, usiutumie.

Kisha nunua kifaa cha kukinga umeme. Kile kidogo cha televisheni hakitoshi. Mashine inayochemsha maji huvuta karibu wati 2,000, yaani zaidi ya ampea 8, kwa hiyo tafuta cha ampea 13, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi. Bodi nyingi nilizobadilisha, yaani ile sakiti ya umeme inayoiongoza mashine, ziliungua pale pale umeme uliporudi baada ya kukatika.

Kuhusu yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, nawaondoa hofu. Kufua kwa maji baridi mara moja hula kama robo yuniti. Kwa digrii 60 kunaweza kufika yuniti nzima au kupita. Anayekula umeme ni hita, mota hula kidogo.

Hatua ya tatu: chagua aina kulingana na ulichokipima.

Ikiwa maji yako ni ya kuteka kwa dumu, chagua mashine ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Asikudanganye mtu kwamba hiyo ni mashine ya kimaskini. Haina bodi ya umeme ya kuungua, ina taima ya kuzungusha kwa mkono, na umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi unazungusha taima tena na kuendelea. Unaijaza kwa ndoo. Maji yale yale ya sabuni unafulia kanzu na mashuka meupe, halafu nguo za rangi, mwisho jinzi na nguo za shamba. Kwa mama aliyebebewa dumu na boda, hiyo ni nafuu kubwa. Gharama yake ni muda wako: lazima usimame nayo, uhamishe nguo mwenyewe, na usuuze kwa maji mapya mara mbili, la sivyo sabuni itabaki kwenye nguo na ngozi ya mtoto itawasha.

Mashine ya kujiendesha inayofunguliwa juu inakaa katikati. Maji yakiwa dhaifu au yakikatika unaweza kuongeza kwa ndoo, itayapima yenyewe na kuendelea. Lakini hunywa maji mengi, mara nyingi lita 100 na zaidi kwa mzunguko mmoja, na mikono ya mashati hutoka imefungana.

Ya mlango wa mbele ndiyo inayosafisha vizuri kuliko zote. Dramu yake, lile pipa linalozungusha nguo, imelala, inanyanyua nguo na kuziangusha, kama anavyofanya mtu anayepiga nguo kwenye jiwe la mtoni, ila kwa upole zaidi. Maji yake ni kama lita 40 hadi 60. Inachemsha maji yenyewe na inakamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Ikiwa dumu lako lilijaa haraka na umeme wako umetulia, nunua hii. Ikiwa siyo, usiilazimishe. Umeme ukikatika mlango wake hubaki umefungwa na nguo zimelala majini, ukaanze kumwaga kwa kimpira kidogo kilichoko huku chini.

Hapa nisimame kidogo niseme kuhusu usafi wenyewe, kwa sababu watu hununua mashine nzuri kisha wanasema haitakatishi. Mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, alilieleza jambo hili mwaka 1959: kusafisha kunataka vitu vinne, yaani sabuni, msuguano, joto na muda. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Kwa hiyo ile programu ya dakika 15 ni ya shati lililovaliwa saa mbili ofisini. Sare ya shule yenye vumbi jekundu la murram inataka saa nzima. Tena ikung'ute ikiwa kavu kwanza, nje, kabla haijagusa maji, kwa sababu vumbi lile likilowa ni udongo.

Utomvu wa matoke ukishakauka kwenye nguo, usitegemee mashine yoyote kuutoa, hata ya bei gani. Anayemenya avae nguo ya kazi.

Na kanzu yenye taraza nyekundu au ya maruni kifuani, tazameni ninavyofanya. Nalowesha kitambaa cheupe, nakibonyeza juu ya taraza, nahesabu mpaka thelathini, naangalia. Mnaona hapa? Kimeshika rangi kidogo kwenye ukingo. Hii tutaifua kwa maji baridi, peke yake, wala haitaachwa ikae imelowa ndani ya dramu.

Kwa wenzangu wanaotumia maji ya kisima cha kupampu: yakiachwa kwenye beseni yakageuka rangi ya kutu, yana madini ya chuma. Usiweke Jik. Jik huifanya hiyo chuma igande kwenye nguo, na shuka jeupe hutoka na madoa ya kahawia. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe.

Hatua ya nne: dukani.

Kilo zinazoandikwa mlangoni ni za nguo kavu. Familia ya watu watano, kilo 7 au 8 zinatosha. Ukishajaza, kiganja chako kiweze kupita juu ya nguo ndani ya dramu. Dramu iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Uliza mota. Ya inveta, inayoendeshwa na bodi ya umeme, haina kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota na kulika; ni kimya na hudumu, ila bodi inayoiendesha ni ghali na haipendi umeme wa kurukaruka. Ya kaboni hupiga kelele, lakini kaboni zikiisha fundi hubadilisha kwa bei ndogo. Kwenye mtaa wenye umeme mbovu, mimi nachukua ya kaboni.

Halafu kile kibandiko cha miaka 10. Kisome chote. Karibu kila mara ni cha mota peke yake, na mota ndiyo sehemu isiyoharibika upesi. Nimeona familia ikilipia bodi mpya huku kibandiko cha miaka kumi kinang'aa mlangoni. Uliza hivi: bodi ina waranti ya muda gani, pampu je, na fundi wenu yuko mji gani? Kama unaishi Gulu na fundi yuko Kampala, nani analipa usafiri? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Uliza pia kama pampu na mpira wa mlango vinapatikana hapa nchini leo. Mashine ya jina kubwa ambayo spea yake inasubiriwa kutoka Dubai ni mzigo.

Kwa wanaonunua iliyotumika, usitoe pesa kabla ya jaribio hili. Fungua mlango. Shika ukingo wa juu wa dramu kwa ndani, uinyanyue na kuishusha. Vyote vikitikisika pamoja kwenye springi, ni sawa. Dramu ikicheza peke yake na kugonga, beringi zimekwisha. Sasa izungushe kwa mkono. Nyamazeni msikilize... hii inateleza kimya. Na hii nyingine... huo mkwaruzo ni kutu ya beringi. Tazama nyuma katikati: mchirizi wa kahawia maana yake maji yamepita kwenye sili. Muulize muuzaji kama tangi la nje, lile linaloizunguka dramu, limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani. La skrubu linafunguka, beringi zinabadilishwa. Lililounganishwa, mafundi wengi watakuambia nunua mashine nyingine. Kunjua mpira wa mlango uangalie ukungu na nyufa, kisha waiwashe mbele yako, ijaze maji, ikamue, imwage.

Nguvu ya kukamua izingatie, hasa kwa ajili ya mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Nguo ikichelewa kukauka inanuka. Tena kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Kwa hiyo hata ikikauka haraka, nguo za mtoto na nepi zipige pasi ya moto, kwenye mishono na mikunjo yote.

Hatua ya tano: ikishafika nyumbani.

Nyuma ya mashine ya mlango wa mbele kuna bolti kubwa, mara nyingi nne, za kushikilia dramu wakati wa safari. Zitoe zote kabla ya kuwasha, uzihifadhi kwa siku ya kuhama. Ukiwasha nazo zikiwa ndani, mashine itarukaruka sakafuni na kujivunja. Iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, uzungushe miguu yake mpaka isitikisike ukiibonyeza kila kona. Ukitaka kuiinua juu ya maji ya kudeki, mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakuchomelea kitako cha chuma, ila kiwe na ukingo usioiruhusu iteleze.

Sabuni iwe ya mashine, isiyo na povu jingi. Ile ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu linalozizuia nguo kugongana, na pengine povu hilo hutokea kwenye droo na kuingia penye umeme.

Mzunguko wa kwanza uendeshe bila nguo. Kaa nayo mpaka imalize kukamua, kisha pitisha kidole kikavu kwenye maungio ya mpira wa maji, pale bombani na huku nyuma ya mashine. Kidole kikilowa, funga bomba, kaza, ujaribu tena. Ukimaliza, fungua kijimlango hiki cha chini, kinga sahani, utoe chujio. Humo ndimo sarafu na pini za nywele hukwama, kwa hiyo lisafishe kila mwezi, na mlango mkubwa uache wazi kila baada ya kufua.