Eti "kafungwa", eti "kaachiwa": tuongee kidogo ya mahakamani

Mambo vipi watu wangu wa Kigoma, Ujiji, Gungu, Kibirizi mpo? Leo ya baridi ya huku tuyaache, naongelea hizi voisi noti mnazotutumia sisi tulio nje, "kaka dogo kafungwa tuma hela", ukiuliza miaka mingapi unaambiwa aaah kesi bado haijasikilizwa. Sasa huyo kafungwa wapi? Huyo ni mahabusu, na Katiba ibara ya 13 inasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike.

Chukulia dogo kashtakiwa mahakama ya wilaya, eti kaiba injini ya boti pale Kibirizi. Anasomewa shtaka, anaulizwa kweli au si kweli, akikana kesi inaendelea, hapo ndo dhamana. Dhamana sio faini jamani! Wadhamini wanakuja na barua za serikali ya mtaa wanasaini bondi kwamba atarudi, akitoroka wanabanwa wao, kwahiyo mtu akikwambia tuma ya dhamana halafu risiti hamna, shtuka. Ila mauaji, au unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hamna, msihangaike na madalali.

Na mwenye injini asijione ndo mwenye kesi, kesi ni ya Jamhuri, yaani serikali ndo inayoshtaki, yeye shahidi tu, hata akisema kasamehe haifi kwa neno lake.

Sasa hili la kuachiwa ndo linawaponza. Jamhuri ikimaliza mashahidi wake hakimu anaangalia kuna kesi ya kujibu au hamna, kama hamna anaachiwa huru, kama ipo dogo anajitetea, na hata hapo sio kazi yake kuthibitisha hakuiba, Jamhuri ndo ithibitishe bila kuacha shaka. Lakini Jamhuri ikiondoa shtaka kabla hajajitetea, huyo anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile, nyie mshaweka stetasi, mbuzi kashachinjwa, kumbe askari wanamsubiri pale pale nje ya mahakama.

Akitiwa hatiani msikae kulia wiki nzima, taarifa ya kusudio la rufaa, yaani kuandika kwamba mnataka kukata rufaa, ni ndani ya siku 10, na Mahakama Kuu inakoenda hiyo rufaa siku hizi ipo hapo hapo Kigoma, sio mpaka Tabora.

Kwahiyo voisi noti ijayo mniambie kabisa, mahabusu, yupo nje kwa dhamana, kaondolewa shtaka au kaachiwa huru, nijue natuma ya wakili au ya soda.