Mtoto Hataki Maziwa? Namna ya Kumpatia Kalsiamu ya Kutosha kwa Chakula

Karibuni, wazazi na walezi. Leo mezani nina samaki wa kopo, fungu la sukuma wiki, ufuta, pakiti ya maziwa ya soya, na karatasi ya kupigia hesabu. Maziwa ya ng'ombe sijayaweka, maana video hii ni ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ambaye akikiona kikombe tu anafunga mdomo, au anakubali kunywa kisha anakutemea yote kwenye nguo. Usimbane pua wala usimfuate nyumba nzima na kikombe. Tutapita mlango mwingine.

Kabla hujawasha jiko, hakikisha kwamba ladha ndiyo anayoikataa. Akinywa maziwa akatoka vipele, akavimba midomo au macho, akatapika, au choo kikawa na damu, huo si ukaidi. Huenda ana mzio, kwa hiyo acha maziwa na vyakula vyote vyenye maziwa mpaka umwone daktari. Akipumua kwa shida, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali. Gesi na kuharisha kila anapokunywa ni habari nyingine, huweza kuwa ni sukari ya maziwa, yaani laktosi, inayomshinda. Hilo nalo mweleze daktari.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi. Marekani inapendekeza miligramu 700 za kalsiamu kwa siku kwa umri huu. Umoja wa Ulaya unasema 450, na Uingereza 350. Mbona zinapishana hivyo? Kila upande una wataalamu wake na namna yao ya kukadiria. Mimi nasema ukilenga kati ya 500 na 700 uko pazuri, na siku moja ikipungua usikose usingizi. Angalia wastani wa wiki.

Sasa linganisha. Kikombe cha mililita 240 cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 300. Kama bado ananyonya, maziwa ya mama yana kama 30 kwa kila mililita 100, nayo yaandike. Kwa siku tatu andika kila kinachoingia mdomoni, hata alichookota kwenye sahani yako. Wazazi wengi wakimaliza hapo hugundua pengo ni dogo kuliko walivyodhani.

Hatua ya pili, jaribu maziwa yasiyo na sura ya maziwa. Hii ni kwa asiye na mzio tu. Wapo wanaochukia kikombe lakini mtindi wanaupenda. Gramu 100 za mtindi zina kama miligramu 120, na gramu 30 za jibini gumu zina kama 200, tena hivi viwili vina laktosi kidogo kuliko maziwa yenyewe. Jibini likwangue juu ya yai linaloiva. Unga wa maziwa ukoroge kwenye uji. Akikataa vyote, twende mbele.

Hatua ya tatu, maziwa ya soya, na hapa nasogeza kamera. Geuza pakiti usome nyuma. Tunatafuta maneno yanayosema yameongezewa kalsiamu, na kiasi cha kama miligramu 120 kwa kila mililita 100. Yasiyoongezewa, na yale ya kutengeneza nyumbani, yana kalsiamu kidogo sana. Sasa tazama. Hii pakiti ilikaa usiku kucha bila kuguswa. Nimeikata juu na kumimina taratibu. Mmeona hapo chini? Huo utando mweupe unaoganda kwenye kona ndiyo kalsiamu yenyewe. Usipotikisa, mtoto anakunywa maji ya soya na kalsiamu inaishia kwenye takataka. Tikisa kwa nguvu kila unapomimina, hata kama ulitikisa asubuhi.

Chagua yasiyo na sukari. Maziwa ya lozi na ya nazi yana protini kidogo mno kuwa kinywaji kikuu cha mtoto, na ya mchele yaache kabisa, Uingereza inashauri asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano kwa sababu ya aseniki, sumu inayopatikana kwenye mchele. Angalizo: baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa hudhuriwa na soya pia, kwa hiyo hao waanze kwa ushauri wa daktari.

Hatua ya nne, samaki, na hapa ndipo napenda kukaa. Nyama tupu ya samaki haina kalsiamu ya kujivunia, kalsiamu iko kwenye mifupa. Samaki wa kopo hupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka mifupa inakuwa laini kabisa. Gramu 100 za sadini wa kopo pamoja na mifupa zina karibu miligramu 380. Namtoa mmoja, namsuuza kwenye maji ya bomba kupunguza chumvi, namlaza kwenye kibao na kumpasua katikati. Huu hapa uti wa mgongo. Mkono unataka kuutupa, najua. Uache! Ubonyeze kwa uma hivi, unavunjika kama chaki mbichi. Endelea kusaga mpaka ukipitisha kidole husikii punje hata moja. Kisha changanya na kiazi kilichopondwa na tone la ndimu ya kukata harufu, finyanga vidonge bapa, kaanga kwa mafuta kidogo. Watoto wengi hula hivi bila kuuliza kitu.

Hii ni kwa samaki wa kopo peke yake. Mifupa ya samaki wa kuchemsha nyumbani hubaki migumu na humkaba mtoto. Kama unatumia dagaa wakavu, waoshe mchanga na chumvi, wakaushe vizuri, wasage wawe unga laini, chekecha, kisha tia kijiko kidogo cha chai kwenye mchuzi wake. Ni wazima na mifupa yao, na ndiyo siri yao.

Hatua ya tano, mboga za majani, na hapa kuna mtego. Spinachi kwenye majedwali inaonekana tajiri wa kalsiamu, lakini ina oksaleti nyingi, kemikali za asili za mmea zinazoifunga hiyo kalsiamu, na mwili unafyonza kama asilimia 5 tu. Kwenye maziwa ni kama asilimia 30. Mchicha nao uko kundi la spinachi. Mpe, una faida nyingine nyingi, ila kwenye karatasi yetu usiuhesabu. Sukuma wiki, kabichi ya Kichina na brokoli zina oksaleti kidogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri, pengine kuliko ya maziwa. Tatizo ni tumbo la mtoto: vijiko viwili vya chakula vya sukuma wiki iliyopikwa vinakupa kama miligramu 30. Katakata nyembamba mno, ondoa ule mshipa wa katikati, pika mpaka ilainike. Akikataa, rudisha kesho kutwa kiasi kilekile kidogo, bila maneno. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonekana mara kumi au zaidi kabla hakijakubalika.

Hatua ya sita, mbegu. Ufuta mzima hupita tumboni ulivyoingia, kwa hiyo usage. Ule wa kusaga wa kwenye chupa una kama miligramu 20 kwa kijiko cha chai. Upake mwembamba kwenye mkate au ukoroge kwenye uji, usimpe tonge zito linalonata, linaweza kumkaba. Lozi nzima na karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano. Na ufuta huleta mzio kwa wengine, anza na kidogo sana.

Kuna mambo mawili mtaambiwa na kila mtu. Supu ya mifupa ni tamu, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye maji ni kidogo mno, usiitegemee. Unga wa maganda ya mayai ni kinyume chake, una kalsiamu nyingi kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai kinapita mahitaji ya siku nzima, na jikoni huna namna ya kupima sawasawa kwa mtoto mdogo. Mimi siuweki mezani kwangu.

Sasa tujumlishe siku moja. Asubuhi uji uliotiwa mililita 150 za maziwa ya soya, 180. Saa nne nusu chungwa, 25. Mchana maharage meupe robo kikombe, 40, na sukuma wiki, 30. Alasiri mkate wenye ufuta, 20, na mililita 120 za soya, 144. Usiku vidonge vya sadini, gramu 30 za samaki, 115. Jumla 554, bila tone la maziwa ya ng'ombe.

Hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D, na chakula peke yake mara nyingi hakitoshi kuileta. Muulize mhudumu wa afya kama mtoto wako anahitaji matone. Uingereza inapendekeza maikrogramu 10 kwa siku, Marekani 15. Ukiona miguu inapinda, vifundo vya mikono vimevimba, au amechelewa kutembea, usisubiri mboga zifanye kazi, mpeleke akapimwe matege.

Dawa ya kalsiamu nayo ianze kwa daktari. Kama ameandikiwa na madini ya chuma pia, usimpe zote kwa mpigo, kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Moja asubuhi, nyingine jioni.